Mwongozo kamili: Jinsi ya kulinganisha bei za supamaketi za Dar kwa kikapu chako mwenyewe

"Supamaketi ipi hapa Dar ina bei nafuu?" Swali hili huja kila mwisho wa mwezi na majibu hayabadiliki. Huyu anakwambia Shoppers, yule anaapa kwa Village, wa tatu anakucheka: achana na hizo zote, panda daladala nenda Kariakoo. Kisha mtu anapoteza Jumamosi nzima akizunguka na karatasi, anarudi na orodha ndefu ya bei isiyomsaidia chochote.

Nimeletewa orodha nyingi za namna hiyo. Karibu zote zina ugonjwa mmoja: mafuta ya lita moja upande huu, ya mililita 900 upande ule, nyanya za kilo hapa, za fungu pale, nyama ya steki dukani, ya mchanganyiko buchani. Bei zimeandikwa vizuri, ila vitu vyenyewe havifanani.

Na swali lenyewe limekaa vibaya. Duka lenye nafuu kwa kila kitu halipo. Kuna lenye nafuu ya mchele, lingine la sabuni, lingine la nyanya. Unachotakiwa kupata mwishoni ni mgao: kipi ununue wapi, kwa nyumba yako, kutokea mtaani kwako. Kazi hii inachukua mwezi mmoja wa kuandika kidogo kidogo na siku moja ya kuzunguka, kisha mwezi wa kuujaribu mgao. Bei zote zilizomo kwenye mifano hapa chini ni za kuonyesha hesabu tu, usizichukue kama bei za leo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo. Simu inatosha, ila daftari linalokaa jikoni linaandikwa na kila mtu wa nyumbani.
- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayofika kilo 5. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho huenda ukalazimika kukinunua, na bila hicho hatua ya tatu haiendi.
- Jagi lenye alama za mililita.
- Kikokotoo cha kwenye simu.
- Kapu au mifuko imara ya kwako. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na ile mbadala ya kununua kaunta nayo ni hela.
- Deli dogo kama unanunua maziwa, nyama au samaki mbali na nyumbani.

## Hatua ya 1: Andika mnachonunua kweli kwa mwezi mmoja

Kila kinacholiwa, kinachofuliwa nacho na kinachosafishiwa nyumba kiandikwe siku hiyo hiyo. Safu tano zinatosha: kitu, kiasi, bei, wapi, nani alinunua.

Safu ya "nani" watu huiruka, na ndiyo inayofichua mambo. Mama anajua alinunua sukari kilo mbili mwanzoni mwa mwezi. Hajui kwamba mtoto ametumwa robo kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, mara kadhaa baada ya hapo, na dada wa kazi naye kaongeza nusu siku ya wageni. Ukizijumlisha robo zote hizo, unakuta nyumba imenunua sukari nyingi kwa bei ya vipimo vidogo vya rejareja, huku kila mtu akiamini kwamba "sukari tunanunua supamaketi".

Risiti zipige picha siku hiyo hiyo. Karatasi ya risiti za mashine inafifia kwa joto, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au mfukoni mwa suruali inayofuliwa, utabaki na karatasi nyeupe. Mangi na mama wa genge mara nyingi hawatoi risiti kwa kitu cha jero, kwa hiyo hapo tegemea daftari.

Tahadhari: mwezi huu usijibane. Ukianza kubana matumizi kabla hujayapima, utapima maisha ya mtu mwingine. Epuka pia mwezi wa Ramadhani na Desemba, maana jiko la miezi hiyo haliwakilishi mwaka.

Utajua umefaulu kama daftari lina mistari unayotamani kuifuta: soda, karanga, chipsi za saa nne usiku, tambi zilizonunuliwa wakati tambi zipo kabatini. Daftari lililojaa vitu vya busara peke yake limeandikwa kwa kumbukumbu, halikuandikwa siku kwa siku.

## Hatua ya 2: Chagua vitu ishirini hivi vya kulinganisha

Huwezi kulinganisha kila kitu. Panga mistari ya daftari kwa jumla ya fedha, kubwa juu, ndogo chini, kisha kata pale unapoona vitu vilivyobaki havitikisi bajeti. Kwa nyumba nyingi vitu ishirini hivi vya juu vinabeba sehemu kubwa ya matumizi. Chumvi na kiberiti acha, hata ukizipata bure hutaona tofauti.

Sasa kila kitu kipe jina kamili. "Mchele" halitoshi. Andika "mchele wa Kyela, usio na chenga". "Unga" halitoshi, kuna sembe na kuna dona. "Maharage" halitoshi, maana ya njano na yale mekundu hayauzwi bei moja. Mafuta: ni alizeti au ya mawese? Yamesafishwa kiwandani au ni ya kukamua kutoka Singida? Vitu vya kiwandani andika na chapa na ukubwa wa pakiti.

Ukiwa na shaka kama pakiti mbili ni kitu kile kile, linganisha namba iliyo chini ya mistari myeusi ya msimbo. Namba zikitofautiana, kuna kitu kimebadilika, mara nyingi ni uzito, hata kama picha na rangi havijaguswa. (Zinazoanza na 620 zimesajiliwa Tanzania. Hiyo haithibitishi kwamba kilichomo kimetengenezwa hapa, kwa hiyo usiitumie kumfundisha mtu uzalendo.)

## Hatua ya 3: Vyote vilete kwenye kipimo kimoja

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende polepole.

Kanuni ni moja: bei gawanya kwa kiasi. Vikavu na vibichi kwa kilo, vya maji kwa lita, na vinavyohesabika kama nepi, pedi na mayai kwa kimoja kimoja.

### Vya kwenye pakiti

Mfuko wa mchele wa kilo 5 unauzwa 17,500. Gawanya kwa 5, unapata 3,500 kwa kilo. Pembeni yake kuna wa kilo 2 kwa 6,600, yaani 3,300 kwa kilo. Mkubwa kapigwa bao. Usiamini kamwe kwamba pakiti kubwa lazima iwe nafuu. Mara nyingi ndivyo, na wauzaji wanajua kwamba unaamini hivyo.

Mafuta: chupa ya lita 1 kwa 6,500, nyingine ya mililita 900 kwa 6,000. Ya pili inaonekana nafuu mpaka ugawanye: 6,000 kwa 0.9 ni kama 6,667 kwa lita. Na ukikuta mafuta yanauzwa kwa kilo, kumbuka lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi. Bei ya kilo zidisha kwa 0.92, utapata bei ya lita.

Karatasi za chooni zinachekesha. "Roli kumi" za kampuni moja zinaweza kuwa na karatasi pungufu kuliko roli nane za kampuni nyingine, kwa sababu bomba la katikati ni nene na karatasi imeviringishwa kwa kulegea. Ziweke kwenye mizani, gawanya bei kwa gramu. Sabuni ya mche nayo inapungua uzito inavyokauka dukani, kwa hiyo linganisha uzito ulioandikwa, na kama haujaandikwa, pima miche ya maduka yote kwa siku moja.

### Vya kupima kwa Mangi

"Mangi, nipimie mafuta ya buku." Anachota, anamimina kwenye chupa yako, mnaagana. Fika nyumbani, mimina kwenye jagi lenye alama. Tuseme yamefika mililita 140. Gawanya 1,000 kwa 0.14: ni kama 7,140 kwa lita. Sasa una namba ya kuweka pembeni ya chupa ya supamaketi.

Rudia siku nyingine kabla hujamhukumu. Kipimo cha mkono kinapanda na kushuka, na kijana wa jioni hapimi kama mwenye duka. Mangi naye si mwizi kwa sababu lita yake imetoka ghali. Anakuuzia kiasi kidogo, usiku, hatua chache kutoka mlangoni kwako, na mwisho wa mwezi anakukopesha. Huduma hiyo ina bei. Unachotaka kujua ni kama unailipia siku unazoihitaji tu, au mwezi mzima.

### Vya fungu na sado

Angalia fungu la nyanya gengeni: tatu chini, moja juu, na ile ya juu imegeuzwa ili upande wake mzuri ukutazame. Nunua fungu moja, pima nyumbani baada ya kutoa iliyooza. Fungu la buku likitoa gramu 380 zinazofaa, kilo yako ni kama 2,630. Fanya hivyo hivyo kwa vitunguu na karoti. Kwa mchicha na matembele, pima majani baada ya kuchambua, maana fungu la mchicha linaweza kuwa nusu mashina.

Sado, kile kindoo cha rangi cha lita 4, ina ujanja wake. Igeuze uangalie kitako. Ikiwa imebonyezwa kuingia ndani, unanunua hewa. Ukikuta "sado" mbili sokoni zenye kimo tofauti, usibishane, hamia kwa anayetumia nzima. Kwa nyanya, vitunguu na viazi, njia ya uhakika ni kununua sado moja, kuipima nyumbani na kuandika kilo zake. Ukishajua, namba hiyo utaitumia muda mrefu kwa muuzaji yule yule.

### Nyama na kuku

Kilo ya nyama ya mchanganyiko buchani ni 11,000. Ukitoa mifupa na ikawa gramu 250, nyama uliyopata ni gramu 750, na kilo yake halisi ni kama 14,670. Hiyo ndiyo namba ya kuweka pembeni ya steki ya supamaketi. Kama mifupa unaichemshia supu, basi ina thamani na unaweza kuihesabu, lakini amua mapema, usibadili kanuni katikati ili bucha lako lishinde.

Kuku wa kugandishwa mpime baada ya barafu kuyeyuka na maji kumwagika. Wa kienyeji anauzwa kwa kichwa, kwa hiyo mpime akishachinjwa na kutolewa utumbo. Tofauti ya ladha hiyo ni juu yako, mizani haina la kusema.

Utajua umefaulu kama unaweza kuchukua kitu chochote kati ya vile ishirini, ukamwambia mtu bei yake kwa kilo, lita au kimoja, bila kutaja neno pakiti, fungu wala kopo.

## Hatua ya 4: Chagua maduka machache unayoweza kuyafikia

Yasizidi matano. Chukua supamaketi unayokwenda sasa, nyingine moja ya kushindana nayo, Mangi wako, soko lililo karibu na duka la jumla.

Kwa upande wa supamaketi, walio ukanda wa Mikocheni, Masaki na Oysterbay wana Shoppers, Village na Shrijee's za kulinganisha. Linganisha tawi, usilinganishe jina. Tawi lenye magari mengi mazuri nje na tawi lililo mbali na pwani si lazima yawe na rafu zinazofanana, hasa kwenye mboga, nyama na mkate.

Kama nyumbani kwako ni Mbagala, Gongo la Mboto au Kivule, usijilazimishe kuweka supamaketi ya Masaki kwenye orodha ati kwa sababu imesifiwa. Weka duka kubwa la mtaani lenye rafu na keshia. Yapo mengi sasa, na kwa vitu vya kiwandani ndiyo mshindani halisi wa Mangi.

Masoko yana ubingwa wake. Tandale ni nafaka. Mabibo ni matunda, ndizi na mboga kwa wingi. Feri ni samaki, na anayetaka bei ya mnada anaamka alfajiri. Kariakoo ni jumla ya karibu kila kitu. Kisutu ni soko la katikati ya mji, rahisi kwa anayefanya kazi Posta. Soko unalopita ukirudi kazini lina thamani kuliko soko bora lililo upande wa pili wa jiji.

Makala za zamani za kulinganisha supamaketi za Dar zitupe. Nyingi zinashindanisha Shoprite, Uchumi, Nakumatt na Game, na zote nne zimeshafunga milango hapa nchini. Ndiyo maana pia sishauri mtu alimbikize pointi za kadi ya duka kwa miaka akisubiri zawadi kubwa. Ukizipata, zitumie.

## Hatua ya 5: Zunguka siku moja, chukua bei

Maduka yote matano uyapitie ndani ya siku moja, ikishindikana siku mbili zinazofuatana. Bei ya nyanya ya Jumatatu haiwezi kushindana na ya Ijumaa. Epuka siku za mishahara kuanzia tarehe 25 hivi: foleni za kaunta ni ndefu, rafu zimechambuliwa, na utaandika "hakuna" kwenye vitu ambavyo kwa kawaida vipo.

Kupiga picha rafu kunaweza kumleta mlinzi. Hana kosa, ameambiwa. Andika bei kwenye simu kama mtu anayesoma orodha ya kununua, au mwambie msimamizi kwa adabu unachofanya. Kwa Mangi na gengeni usiende kuhoji bei tu halafu ukaondoka. Salimia, nunua kitu kimoja au viwili vya orodha yako, uliza vingine ukiwa unalipa: "Mangi, na mchele wa Kyela leo unauzaje?" Atakutajia bei ya kweli ya mteja.

Kwenye supamaketi angalia mambo matatu.

Lebo na mashine. Bei ya kwenye rafu na bei inayosomeka kwa keshia zinaweza kutofautiana, kwa kawaida kwa sababu lebo haijabadilishwa baada ya bei kupanda. Nunua vitu kadhaa vya orodha yako na ulinganishe kwenye skrini kabla hujalipa. Kabla pesa haijatoka, mazungumzo huwa mepesi: "Dada, kwenye rafu imeandikwa 8,900, hapa naona 9,400." Ama watakuuzia ya rafuni, ama utakirudisha. Duka linalokufanyia hivyo mara kwa mara, andika bei zake za mashine, zile za rafu usizihesabu.

Ofa. Geuza pakiti utafute tarehe ya mwisho wa matumizi. Ofa nyingi za mtindi, jibini na mkate ni za kitu kinachokaribia tarehe. Hiyo si dhambi, kama mtakila kesho ni bei ya kitonga. Lakini kwenye jedwali lako andika bei ya kawaida, maana ofa haitakusubiri. Na kwa vitu vya baridi, pakiti za tarehe ndefu hupangwa nyuma. Nyoosha mkono.

Mizani. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kuwa na alama ya uhakiki. Uangalie hata buchani. Kama una shaka, pima tena nyumbani kabla hujapika.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, popote inapotakiwa kutolewa. Mbali na kodi, ndiyo ushahidi wako. Ukiuziwa kilichopita tarehe na duka likagoma kukusikiliza, TBS, yaani Shirika la Viwango, ndiyo yenye usimamizi wa usalama wa chakula tangu mwaka 2019. Mizani iliyochezewa ni ya Wakala wa Vipimo. Kudanganywa kwa namna nyingine kama mteja kunapelekwa Tume ya Ushindani.

Utajua umefaulu kama jedwali lina vitu ishirini kushuka chini, maduka matano kwenda kulia, na kila kisanduku kina bei ya kilo, lita au kimoja. Visanduku vitupu ni halali. Usivijaze kwa kukisia.

## Hatua ya 6: Ongeza gharama ambazo lebo haizitaji

Jedwali peke yake litakudanganya. Kuna vitu vinne vya kujumlisha au kutoa.

Nauli. Tuseme supamaketi ya mbali inakuokolea 11,000 kwa mwezi ukilinganisha na Mangi. Kwenda kwa daladala 600, kurudi na mizigo kwa bajaji 3,000. Ukienda mara moja kwa mwezi umebakiwa na 7,400. Ukienda kila wiki, nauli ya safari nne ni 14,400 na umeingia hasara ya 3,400 ukiwa na tabasamu. Kanuni yangu: nauli ikila zaidi ya theluthi ya unachookoa, safari hiyo ife au iunganishwe na safari nyingine. Mwendokasi wa Kimara unakufikisha Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo, lakini kurudi nao saa kumi na moja jioni na mfuko wa mchele kilo 25 ni kujitafutia matusi.

Makato. Kutoa pesa kwa wakala kuna ada. Duka lenye lipa namba linakuondolea ada hiyo. Soko linalotaka taslimu linakurudisha kwenye ada hiyo. Andika.

Vya njiani. Chukua risiti yako ya supamaketi, weka alama kwenye kila kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha. Jumla ya hivyo ni gharama ya kuingia humo. Watu wanaoshindwa na supamaketi hawashindwi na bei ya sukari. Wanashindwa na rafu iliyo kabla ya keshia, wakiwa na mtoto na njaa. Kula kwanza, chukua kapu la mkononi, toroli liache kama orodha ni fupi.

Uharibifu. Joto na unyevu wa Dar havina huruma. Dona inaharibika mapema kuliko sembe kwa sababu kiini cha mahindi chenye mafuta kimebaki humo, kwa hiyo nafuu ya kununua mfuko mkubwa inaishia kwa wadudu. Nafaka zikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Vitunguu vinataka hewa, vitandaze, usivifunge. Maziwa na nyama vinatakiwa kufika kwenye friji ya nyuzi 5 au chini, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Foleni ya Ubungo ikikukuta bila deli, chupa ya maziwa imeshaanza safari yake ya kuwa mtindi. Na kama kwenu umeme unakatika mara kwa mara, ondoa kabisa wazo la kujaza friza nyama ya mwezi.

## Hatua ya 7: Gawa kikapu

Sasa kila kitu kipe duka moja la kudumu. Usichague mshindi kwa tofauti ya shilingi mia. Kwa tofauti ndogo, kipe duka ambalo unalipita tayari.

Kwa nyumba nyingi ninazozifahamu mgao hukaa hivi, ingawa wako unaweza kupinga:

Mchele, maharage na vitunguu: sokoni au jumla, mara moja kwa mwezi. Gunia zima ni zito kwa familia moja, lakini majirani watatu wanaweza kuchanga, kukodi guta au bajaji moja na kugawana kibarazani. Mgawane kwa mizani, mbele ya wote. Macho yamevunja ujirani mwingi.

Mafuta, sabuni, dawa ya meno, nepi, pedi, unga wa ngano: supamaketi au duka kubwa la mtaani, pakiti iliyoshinda hesabu. Nepi linganisha kwa moja na kwa saizi ile ile, maana pakiti ya bei ile ile inapungua idadi saizi inavyopanda.

Mboga za majani, nyanya, matunda: genge au soko unalopita. Supamaketi inaweza kushinda kwenye vitu kama uyoga na brokoli, kama unavila.

Nyama: bucha linalokujua. Anayekujua anakuchagulia, na hilo halionekani kwenye jedwali.

Kwa Mangi yabaki ya dharura: mkate wa usiku, vocha, mayai mawili, kiberiti. Weka kiwango cha wiki, kwa mfano msimbazi mmoja (10,000), na kila mtu wa nyumbani akijue. Usimkate Mangi kabisa. Siku ya mvua kubwa barabara ikifungwa, ndiye atakayekuwa wazi.

Utajua umefaulu kama mgao wote unaingia kwenye karatasi moja ya kubandika mlangoni kwa friji, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuusoma akajua atumwe wapi.

## Hatua ya 8: Jaribu mwezi mmoja, ukipima siku badala ya kilo

Hii ndiyo hatua inayowaangusha hata waliofanya hesabu zote vizuri. Wamenunua sukari kwa bei ya chini kabisa, mwisho wa mwezi wametumia hela ile ile. Sababu ni kwamba kopo likijaa, vijiko navyo vinajaa. Dumu la lita 5 linakaanga zaidi ya chupa ya lita moja, kwa mkono ule ule.

Kwa hiyo andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila pakiti unapoifungua, na tena inapoisha. Gawanya bei kwa siku. Kama sukari ya kilo moja kwa 3,200 ilikaa siku 8, ni 400 kwa siku. Kama mfuko wa kilo 5 kwa 14,500 umeisha kwa siku 32, kilo imeshuka hadi 2,900, lakini siku imepanda hadi kama 453. Hapo umenunua nafuu na kutumia ghali.

Dawa yake ni kutenganisha ghala na jiko. Mfuko mkubwa ufungwe na uwekwe juu kabatini, jikoni kishuke kiasi cha wiki kwenye kopo dogo. Likiisha Alhamisi, Ijumaa ni uji wa ndimu. Kwa nyumba isiyoweza kujizuia, nasema wazi: nunua kilo moja moja, hata kama jedwali linalia.

## Lini uzunguke tena

Jedwali zima halihitaji kurudiwa kila mwezi. Mchele uangalie baada ya mavuno, kuanzia Mei hadi Julai, ndipo uamue kama ununue wa miezi kadhaa. Nyanya na mboga zipime upya masika, Machi hadi Mei, kwa kuwa mvua zinaozesha mazao shambani na kukwamisha magari. Wiki mbili kabla ya Ramadhani angalia sukari, tende, nazi, mihogo na magimbi. Sukari ina vituko vyake pia: mwanzoni mwa 2024 iliadimika na kupanda bei baada ya mvua kubwa kuvuruga uzalishaji viwandani, na mgao wa watu wengi ulivunjika ndani ya siku chache. Likitokea kama hilo, nunua ya wiki moja, usijaze kabati kwa bei ya hofu.

Sabuni, nepi na dawa ya meno, mara mbili kwa mwaka zinatosha, pamoja na siku yoyote utakayoona pakiti imebadilishwa sura.